Gari Linalolala Nje: Namna ya Kulikinga na Panya

Kila msimu wa mavuno ya mpunga unapofika tunapokea simu na jumbe za aina moja. Gari lilizimwa jioni likiwa zima, asubuhi haliwaki. Bajaji imepoteza taa za upande mmoja. Pikipiki imekosa nguvu ghafla. Wengi huanza kumshuku kijana aliyelilaza, au fundi aliyeligusa mara ya mwisho, na wapo wanaofika mpaka kwa jirani. Mara nyingi aliyefanya kazi hiyo ni panya. Tuliligusia jambo hili hewani lakini dakika zilikuwa chache, ndiyo maana tumeliandika hapa ulisome kwenye simu yako kwa nafasi.

Nami yamenikuta. Nilikuwa nimepanga chumba Kyela mjini katika nyumba isiyo na uzio, gari langu dogo likilala kando ya barabara, hatua chache kutoka mashine ya kukoboa mpunga. Siku moja nilirudi kutoka Ipinda na magunia mawili ya mchele kwenye buti. Nilichoka, nikayaacha humo siku tatu. Siku ya nne gari liliunguruma kidogo likazima. Fundi alipofungua boneti alicheka, akasema, "Kaka, umefungua nyumba ya wageni." Juu ya injini kulikuwa na pumba, vipande vya sponji ya kiti na maganda ya karanga. Nyaya tatu zilikuwa zimekatwa kama kwa mkasi.

Nyaya zenyewe hazikuwa ghali. Kilichoniumiza ni siku mbili ambazo fundi alizitumia kutafuta waya wa nne, uliotafunwa nusu mahali pasipoonekana. Mimi niliweza kupanda bajaji kwenda kazini. Lakini kwa kijana mwenye pikipiki ya mkataba, au dereva wa Noah anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, siku mbili bila kazi ni deni, na tajiri haelewi habari za panya.

Kwa nini gari?

Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote. Asipotafuna yatamrefukia mpaka ashindwe kula, kwa hiyo anatafuna hata kisicholiwa: mbao, plastiki, mpira, waya. Haufuati umeme wala utamu wowote. Waya umekuwa njiani, au ni laini kiasi cha kumfaa. Marekani wapo wenye magari waliokwenda mahakamani wakidai kwamba nyaya za siku hizi zinafunikwa kwa plastiki yenye soya na ndiyo maana zinavutia panya. Kampuni za magari zilikanusha. Kwetu hapa hata gari la zamani kabisa linatafunwa, kwa hiyo sioni kama mabishano hayo yatatusaidia.

Ukisoma ushauri wa nchi za baridi utaambiwa panya anafuata joto la injini. Kwa Tukuyu na Mbeya mjini, ambako usiku baridi inauma, hilo linaingia akilini. Kyela ni bonde lenye joto, na panya wetu hana shida ya moto. Anachokitafuta ni mahali pakavu, penye giza, pasipopitiwa na mbwa, karibu na chakula. Chini ya boneti anapata vyote hivyo.

Ndiyo maana kuna vipindi viwili vya kuwa macho. Cha kwanza ni masika, Machi hadi Mei, ambapo mvua kubwa hujaza maji mabondeni. Panya wa mashambani mashimo yao yanafurika, wanapanda kwenye miinuko, yaani kwenye nyumba zetu na kwenye matuta ya barabara ambako magari yanalala. Cha pili ni mavuno na baada yake, mpunga unapoondoka shambani kwenda majumbani na mashineni. Panya wa shamba ambaye ni wa kawaida sana Tanzania anabeba mimba kwa wiki tatu na siku chache tu, na anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo. Chakula kikiwa kingi mwezi wa tano, hesabu mwenyewe hali itakavyokuwa mwezi wa saba.

Chagua pa kulaza gari

Kama unaweza kubadilisha jambo moja tu, badilisha mahali. Usilaze gari karibu na mashine ya kukoboa, ghala, rundo la pumba, jalala, majani marefu au ukuta uliorundikwa matofali na mabati chakavu. Panya hapendi kukatiza uwanja mtupu, anatembea akijibanza ukutani. Gari lililo katikati ya eneo lililofagiliwa, hatua tatu nne kutoka ukuta wowote, linamtisha kuliko dawa nyingi zinazouzwa.

La pili ni mzigo. Mchele, karanga, dagaa, mahindi, hata mfuko wa chapati uliosahaulika chini ya kiti, vyote vishushwe jioni hiyo hiyo. Wenye Noah na Hiace zinazobeba magunia kutoka Matema au Ngonga, fagieni punje zilizomwagika kabla ya kufunga milango. Madereva wa malori yanayosubiri mpakani Kasumulu wana kazi ngumu zaidi kwa sababu mzigo haushuki. Kwao ni kukagua chini ya kabini kila asubuhi.

Wenye Hiace wazingatie jambo moja. Injini yake iko chini ya viti vya mbele, hivyo haifunguliwi kila mara. Panya anaweza kukaa wiki mbili bila kuonekana. Nyanyua kiti angalau mara moja kwa wiki.

Kujua kama anakuja, tumia njia ya bure. Jioni nyunyiza majivu kidogo kuzunguka kila tairi, kwa sababu wengi hupandia hapo. Asubuhi angalia nyayo. Ukiziona, usingoje mpaka taa ya injini iwake kwenye dashibodi.

Dawa za mtaani

Pilipili ina ukweli ndani yake. Kampuni ya Honda inauza tepu ya kufunga nyaya iliyotiwa ukali wa pilipili. Lakini pilipili ya kupaka nyumbani huisha nguvu kwa vumbi, joto na mvua, na itabidi uirudie kila baada ya siku chache. Naftalini, zile punje nyeupe za kabatini, sizishauri. Harufu yake inaingia ndani ya gari na si salama kuivuta safari nzima, tena mtoto anaweza kudhani ni pipi. Kumwagia injini dizeli au oili chafu ni kujitafutia moto, na pia kunaozesha mipira.

Wapo wanaoshauri kuacha boneti wazi usiku ili kuondoa giza. Huo ni ushauri mzuri kwa anayelaza gari ndani ya geti. Ukifanya hivyo barabarani, asubuhi utakuta panya hawapo na betri nayo haipo.

Kinachofanya kazi ni kuziba. Mwombe fundi afunge nyaya zilizo wazi kwa mpira mgumu wa mikunjo unaovishwa juu ya waya, kisha aweke wavu wa chuma wenye matundu madogo, yasiyozidi robo inchi, kwenye njia ya kuingizia hewa. Panya mdogo hupita kwenye tundu la upana wa kalamu, kwa hiyo wavu wa kuku haufai. Na usishindilie zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria karibu na nyaya, kwani zinapitisha umeme na zinaweza kuleta shoti.

Baada ya hapo osha eneo la injini. Panya huacha mkojo unaowaambia wenzake kwamba njia hii inapitika. Ujerumani wana mnyama wa ukoo mmoja na kicheche anayetafuna magari zaidi ya laki 2 kwa mwaka. Huko wanajua kwamba gari lenye harufu ya mnyama mmoja, likilazwa kwenye eneo la mwingine, hushambuliwa kwa hasira. Kwa hiyo kukarabati waya bila kuosha ni nusu ya kazi. Mwachie fundi aoshe, kwa kuwa vifaa vya umeme havitakiwi kulowa.

Mitego na sumu

Mtego wa kubana bado ndio silaha yangu. Weka miwili kando ya tairi, uifunge kwa kamba isiburutwe, utege kwa dagaa wa kukaanga au karanga. Iondoe alfajiri kabla kuku na watoto hawajatoka. Paka pia anasaidia, ila naye hupenda kulala kwenye injini yenye uvuguvugu. Gonga boneti mara mbili kabla ya kuwasha, maana feni haimchagui paka wala panya.

Sumu ndiyo inayonitia wasiwasi. Aina nyingi huzuia damu kuganda, na panya hafi papo hapo, anachukua siku kadhaa. Anaweza kwenda kufia ndani ya dashibodi yako, na harufu hiyo utaishi nayo. Paka au bundi atakayemla anaweza kufa naye. Najua bundi hapendwi kwetu, akilia usiku watu wanatafuta mawe, lakini ndege huyo anakula panya kila siku bila kukudai shilingi. Aina nyingine ya sumu, ile ya unga wa kijivu cheusi, hutoa gesi tumboni na haina dawa maalumu ya kuizima. Mtoto akiila ni kukimbizana na muda. Kama ni lazima utumie sumu, nunua iliyo kwenye kifungashio chake chenye usajili wa TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, si ile ya kupimiwa kwenye karatasi gulioni.

Ukikuta kiota

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanakipuliza kiota kwa mdomo au wanakifagia kikavu. Mkojo wa panya unaweza kubeba ugonjwa unaoitwa homa ya mgunda. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wake Ruangwa mkoani Lindi, wagonjwa 20, na 3 kati yao walifariki. Vimelea vyake hupitia kwenye michubuko, machoni, puani na mdomoni, na kwetu penye maji mengi hatari iko karibu zaidi.

Kwa hiyo zima gari, ondoa waya wa betri, vaa glovu au mifuko miwili ya plastiki mikononi. Lowesha kiota kwa maji yenye jiki, sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji, ukikwepa betri na viungio vya umeme. Subiri dakika kumi, kisha kitoe, kizike, unawe kwa sabuni. Ukipata homa kali, maumivu ya misuli na kichwa siku au wiki chache baadaye, nenda kituo cha afya na umweleze mhudumu kwamba uligusa kiota cha panya. Ugonjwa huu unatibika kwa antibiotiki, hasa ukiwahi.

Viumbe wengine

Kinyesi cha ndege na popo chini ya mwembe hula rangi; kilainishe kwa maji siku hiyo hiyo, usikikwangue kikavu. Nyigu wa udongo huziba vitundu vidogo vya gari lililosimama wiki nyingi. Kundi la nyuki likitua kwenye pikipiki yako, liache. Mara nyingi huondoka lenyewe baada ya siku moja au mbili, la sivyo mwite mfuga nyuki. Petroli na kiberiti hapana. Na wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi hufuata taa. Ukilaza gari Matema, zima taa na pandisha vioo.

Bima na asubuhi

Bima ndogo hailipi uharibifu wa chombo chako mwenyewe. Kwa mwenye bima kubwa, uliza kabla ya kulipia kama uharibifu wa panya umo, na uonyeshwe mstari wenyewe kwenye mkataba.

La mwisho usiliruke hata ukichelewa abiria. Waya uliokatwa utakuchelewesha. Mpira wa petroli uliotobolewa unaweza kukuunguza. Asubuhi, kabla ya kugusa swichi, inama utazame chini ya gari kama kuna maji maji, na unuse. Ukisikia petroli, usiwashe, usijaribu hata mara moja, na mwambie anayevuta sigara asogee mbali. Lisukume gari hadi mahali pa wazi, umwite fundi alifuate hapo lilipo.