Tona Haing'arishi: Istilahi ya Kupoza Njano ya Nywele

Ukienda maduka ya vipodozi ya Kariakoo ukaomba tona, muuzaji atakuuliza: ya uso au ya nywele? Duka la pili, lenye karatasi na wino, watakupa unga mweusi wa printa. Neno moja, bidhaa tatu, na hakuna mahali linapomwambia mnunuzi ni kazi gani inakwenda kufanyika. Kwa uso na kwa printa si hasara kubwa. Kwa nywele zilizopigwa blichi ni hasara, maana asiyejua tona inafanya nini huishia kurudia blichi juu ya nywele zilizokwisha kuchoka, akitafuta weupe ambao blichi peke yake haiwezi kumpa.

Rangi ya nywele inatokana na melanini, nayo ni ya aina mbili: yumelanini, yenye weusi na kahawia, na feomelanini, yenye wekundu na unjano. Unga wa blichi una chumvi za pasalfeti, na huchanganywa na haidrojeni peroksaidi, kemikali aliyoigundua Mfaransa Louis Jacques Thénard mwaka 1818. Mchanganyiko huo hupenya ndani ya unywele na kuivunjavunja melanini. Yumelanini hutangulia kuvunjika. Feomelanini ni sugu. Ndiyo maana nywele nyeusi haziruki moja kwa moja hadi kwenye weupe. Hupita kwenye nyekundu iliyokolea, kisha chungwa, kisha manjano ya kiini cha yai, na mwisho manjano iliyofifia kama upande wa ndani wa ganda la ndizi. Hapo ndipo pa kusimama. Ukipitiliza, kinacholiwa ni keratini, yaani unywele wenyewe, na keratini ina unjano wake wa asili ambao hakuna blichi itakayoumaliza.

Chungwa au manjano hiyo kali inayobaki, Waingereza wameipa jina linalotokana na shaba. Nasi tunayo shaba, ila shaba yetu ni pana: waya mwekundu wa umeme ni shaba, na dele la kahawa linalong'aa kimanjano ni shaba vilevile. Kwa mshairi huo ni utajiri. Kwa mtu aliyeshika bakuli na brashi ni mtego, kwa sababu chungwa na manjano haziponi kwa dawa moja. Kwa hiyo neno ushaba nalikubali, kwa sharti kwamba lisiachwe peke yake: tuseme ushaba wa chungwa, au ushaba wa njano. Msusi akitamka hivyo, nusu ya kazi ameshaimaliza.

Na dawa? Waliofua kanzu na mashati ya shule kwa buluu wanaijua kanuni hii kuliko wanavyodhani. Nguo nyeupe ikizeeka hugeuka njano. Ukiisuuza mwishoni kwa maji yenye buluu kidogo, inatoka nyeupe. Unjano haukwenda popote. Umefunikwa na rangi inayoupinga, na jicho likaona weupe. Kwenye duara la rangi, zambarau inatazamana na manjano, bluu na chungwa, kijani na nyekundu. Zikikutana, kila moja inapunguza ukali wa mwenzake. Tona ya nywele ni hiyo tu: rangi ya zambarau au bluu, nyepesi, inayowekwa juu ya ushaba. (Sisemi utie buluu ya kufulia kichwani. Hiyo ni ya nguo.)

Sasa tuiteje? Nimeona watu wakiiita dawa ya kung'arisha. Si kweli: tona haing'arishi, na mara nyingi huzifanya nywele zionekane nyeusi kidogo kuliko zilivyokuwa. Wengine husema dawa ya kusafisha njano, nalo linapotosha, kwa sababu hakuna kinachosafishwa. Kizima njano kinakaribia, lakini kilichozimwa tunategemea kisiwake tena, ilhali njano hurudi baada ya wiki kadhaa kadiri rangi inavyotoka kwa kuosha. Mimi nachagua kipoza. Wachoraji wanazigawa rangi kuwa za joto na za baridi, na chungwa na manjano ziko upande wa joto. Zaidi ya hapo, kupoza hakuondoi kitu. Kunapunguza ukali wake, na ukali unaweza kurudi. Halafu ukiongeza rangi, kipoza cha zambarau, kipoza cha bluu, jina lenyewe linakuwa maelekezo. Anayependa kusema tona aendelee kusema. Ninachodai ni kwamba lebo na vitabu vya mafunzo ya ususi viandike kitu kinachoeleweka.

Kipoza chenyewe kinapatikana kwa sura mbili. Chepesi ni shampuu ya zambarau. Ipake kwenye nywele zilizolowa, iache dakika tatu hadi tano, suuza, kisha tia kondishena. Mara moja kwa wiki inatosha kwa wengi. Kila siku ni kujitafutia nywele kavu zenye mabaka ya zambarau, hasa kwenye ncha, ambazo hunyonya rangi haraka. Sura ya pili ni krimu au maji ya kuchanganya na peroksaidi ya asilimia 3 au 6, ile ambayo saluni huita volumu 10 au 20. Hii hudumu zaidi na inataka uangalifu zaidi. Jaribu kwanza tone dogo kwenye ngozi, usubiri saa 48 uone kama itawasha. Jaribu pia kishungi kimoja cha nywele mahali pasipoonekana. Siku ya kazi vaa glavu, paka kwenye nywele zenye unyevunyevu, na usiondoke mbele ya kioo: muda ulioandikwa kwenye boksi ni kikomo, na nywele zako zinaweza kufika mapema.

Maji nayo yana neno. Visima vingi vya Dar es Salaam hutoa maji ya chumvi, na maji yenye madini kama chuma huzirudisha nywele kwenye ushaba upesi. Ukiweza, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua. Limau halitakusaidia; kwa jua linaweza hata kuongeza joto la rangi. Nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha zisipigwe blichi nyumbani kabisa, kwani dawa hiyo imeshavilegeza vifungo vinavyoushika unywele.

Kuna jambo moja ambalo neno blichi linalificha, na ni la hatari. Blichi ya nywele na maji ya kufulia, ambayo wengi tunayaita jiki, hubeba jina moja lakini si kitu kimoja. Jiki ni sodiamu haipokloraiti. Inaunguza ngozi ya kichwa, na ikikutana na amonia, ambayo imo kwenye vipoza na rangi nyingi za nywele, hutoa gesi ya sumu. Isikaribie bakuli lako.

Kosa la kawaida kuliko yote, hata hivyo, linafanyika dukani. Mtu ana nywele za chungwa, anasikia shampuu ya zambarau inasifiwa, anainunua, na wiki mbili baadaye anasema ni feki. Si feki. Zambarau inapoza njano. Kwa chungwa haina nguvu. Na mwenye njano akipaka bluu atatoka na ukijani. Tazama nywele zako kwenye mwanga wa mchana kabla hujatoa hela: kama ni za chungwa, nunua kipoza cha bluu, na ukubali kwamba utapata kahawia iliyotulia. Nyeupe haipatikani kutoka hapo bila blichi nyingine, na hiyo mwachie msusi.