Pensheni na Daftari: Nani Huandikwa?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wengi katika sisi hudhani kuwa pensheni ni hisani: mtu kazeeka, serikali ikamwonea huruma, ikampa cha kununulia unga. Sivyo ilivyo katika nchi nyingi. Mzee haulizwi kama amechoka, wala ana watoto wangapi wa kumtazama. Huulizwa michango yake imeandikwa miezi mingapi. Jasho lisiloandikwa halihesabiwi.

Jambo hili limenikaa moyoni tangu mzee mmoja katika jamaa wa msikiti wetu aliponijia barazani na karatasi mkononi, akitaka nimsomee. Alilinda ghala la tajiri mmoja kwa muda wa miaka 16, yaani miezi 192. Karatasi ilisema miezi 163. Na kwa kuwa sheria ya Tanzania Bara yataka miezi 180, karatasi ile ilikuwa ikimwambia, kwa maneno ya adabu, kuwa hana pensheni.

Kabla sijaeleza mwisho wa habari yake, ndugu msomaji, natutazame tarikhi kidogo, maana suala la nani anastahiki si la leo.

Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), mali nyingi ziliingia Madina kutoka nchi zilizofunguliwa. Wasimulizi wanasema Abu Huraira (R.A.) alifika kutoka Bahrain na dirhamu 500,000, na Sayyidna Umar akamwuliza mara mbili kama anajua anachokisema. Hapo, mnamo mwaka 20 Hijria (wapo wanaosema 15), ikaanzishwa diwani. Neno hili leo twalitumia kwa mkusanyo wa mashairi na kwa mjumbe wa baraza la mji, lakini maana yake ya zamani ni daftari. Waandishi waliitwa, akiwamo Aqil bin Abi Talib, wakaandika watu kabila kwa kabila. Walipotaka kuanza na jamaa za Khalifa mwenyewe, aliwakataza, akawaamuru waanze na jamaa za Mtume (S.A.W.).

Diwani ile haikuwa ya michango. Fedha zake zilitoka Baitul Mali. Lakini mzozo wake ndio wetu wa leo. Sayyidna Abu Bakr (R.A.) alikuwa akigawa sawa kwa sawa, akiona kuwa malipo ya waliotangulia katika dini yako kwa Mola wao, na hii ya dunia ni riziki tu. Sayyidna Umar akaona vingine: hakutaka kumlinganisha aliyepigana dhidi ya Mtume na aliyepigana pamoja naye. Basi watu wa Badri wakapata zaidi ya waliosilimu baadaye. Huku ni kuhesabu yaliyopita, na huku ni kutazama haja. Mizani hii miwili haijaacha kugombana mpaka leo.

Tena kuna kisa cha mtoto mchanga. Mwanzoni mtoto hakuandikwa katika diwani mpaka aachishwe ziwa. Usiku mmoja Khalifa akapita mahali akamsikia mtoto akilia bila kukoma, akamwuliza mama kulikoni. Mama, asimjue anayesema naye, akajibu kuwa anamwachisha ziwa mapema, kwa sababu Umar hawaandikii wanaonyonya. Inasimuliwa kuwa asubuhi ile alisalisha akilia, kisha akaamuru kila mtoto aandikwe tangu kuzaliwa. Tazama: sharti moja la daftari, lililowekwa kwa nia njema, lilikuwa likiwanyima watoto maziwa ya mama zao.

Pensheni ya michango, hii tunayoijua, imeanzia Ujerumani. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1889, Bismarck akiwa waziri mkuu wa dola, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1891. Kila wiki mwajiri alinunua stempu na kuibandika katika kadi ya mfanyakazi. Nusu ya thamani yake ilikatwa katika mshahara, na nusu aliitoa mwajiri. Stempu ya chini ilikuwa pfenigi 14 na ya juu 30, kwa kadiri ya mshahara, kisha serikali ikaongeza maki 50 kwa mwaka juu ya kila pensheni. Mwaka wa michango ulihesabiwa kuwa wiki 47. Ili kupata pensheni ya uzee ilimpasa mtu awe na umri wa miaka 70 na miaka 30 ya stempu. Husemwa sana kuwa Bismarck aliweka miaka 65, na hilo si kweli: umri ulishushwa kuwa 65 mwaka 1916, yeye akiwa kaburini.

Hesabu mwenyewe: miaka 30 mara wiki 47 ni stempu 1,410. Wangapi katika vibarua wa zama zile walifika miaka 70? Waliovunjika mwili kabla ya hapo walikuwa na mlango mwingine, pensheni ya ulemavu, na huo ulitaka miaka 5 tu ya michango. Ndio maana watu wengi waliingia kwa mlango ule kuliko wa uzee.

Waingereza walianza kwa njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 1908 iliwapa mafukara wa miaka 70 shilingi 5 kwa wiki bila mchango wowote, ila walichunguzwa kipato na hata mwenendo. Aliyejulikana kuwa mvivu wa kazi aliweza kunyimwa. Mwaka 1925 wakaingiza michango, na mwaka 1948 ikawaenea karibu watu wote. Hapo wake walioajiriwa wakapewa hiari ya kulipa mchango mdogo, lakini miaka ya mchango mdogo haikumjengea mke pensheni yake mwenyewe. Wengi walilijua hilo uzeeni, walipokwisha kuchelewa. Hiari ile ilifungwa mwaka 1977 kwa waliokuwa hawajaichukua.

Nayataja haya kwa sababu nyumba nyingi za mwambao zina jamaa kule. Aliyefikia umri wa pensheni tangu Aprili 2016 huhitaji, kwa kawaida, miaka 35 ya michango ili apate pensheni kamili, na akiwa na pungufu ya miaka 10 hapati kitu. Tangu mwaka 1978 mama aliyekaa nyumbani kulea alilindiwa miaka yake, lakini wengine ulinzi huo haukuandikwa katika kumbukumbu zao, na mwaka 2023 serikali ilianza kuwapelekea barua waulizie haki yao. Mwenye dada au shangazi aliyelea watoto huko na amkumbushe.

Sasa turudi kwetu. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana mwaka 1964, sheria ya Bara ilianzisha mfuko wa akiba ya wafanyakazi, na Kenya ikafuata ya kwake mwaka 1965. Mifuko hiyo haikutoa pensheni. Mtu alipewa akiba yake kwa mkupuo mmoja, na mkupuo, kama tujuavyo, huisha kwa bati la nyumba na arusi ya binti. Sheria ya mwaka 1997 ikaugeuza mfuko wa Bara kuwa wa hifadhi ya jamii, na hapo ndipo sharti la miezi 180 likashika. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hana ruhusa kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Asiyetimiza miezi hiyo hupewa mkupuo, basi.

(Juu ya riba katika fedha zinazowekezwa na mifuko, wanavyuoni wana maneno yao. Hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Mvuvi, mama wa vitumbua na mwalimu wa chuo kama mimi hawana mwajiri wa kuwaandika. Huweza kujiandikisha kwa hiari, lakini wachache hufanya. Kwa watu hawa Zanzibar imerudi kwenye mizani ya haja: tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 hupewa pensheni bila kuulizwa michango, nayo ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya nayo imewapa wazee wa umri huo shilingi 2,000 tangu mwaka 2018.

Mzee wetu umri huo hajaufikia, na yuko Bara. Nilipomwuliza kama alikatwa mshahara miezi ile 29, alisema alikatwa kila mwezi bila kukosa. Basi fedha zilitoka mfukoni mwake zikaishia kwa tajiri. Huyu si mwajiri mzembe tu, bali ni mtu aliyekabidhiwa amana akaila. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kulishuhudizia, nasi twaisoma kila Ramadhani bila kudai risiti.

Mkewe ndiye aliyekuwa ameisoma vizuri zaidi. Ndani ya sanduku lake, katika kanga kuukuu, alikuwa amezifunga hati za mshahara, nazo zaonyesha makato ya miezi 21 kati ya ile 29. Ukijumlisha na 163 yapatikana 184. Tulizitoa nakala, tukaenda naye kuzipeleka, na ofisa akampa karatasi ya kupokelewa. Mama alimwomba mumewe ampe hiyo nayo, akaitia kangani.