Kutengwa: Kinga au Adhabu?



Wapendwa, huku kwetu Usukumani neno “kutengwa” lina historia nzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Sungusungu walipoanza kulinda vijiji vya Shinyanga na Tabora dhidi ya wezi wa ng’ombe, mojawapo ya adhabu zao kali ilikuwa kumtenga mkosaji: asisalimiwe, asiazimwe kitu, wala asisaidiwe apatapo msiba. Adhabu hiyo iliuma bila fimbo, kwa maana mtu ni watu.

Karantini ina asili tofauti. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik nchini Kroatia, uliamuru kwamba wageni watokao penye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye siku zikawa 40, na neno karantini latokana na hesabu hiyo kwa Kiitaliano. Hapa anayewekwa kando hana kosa lolote. Anakaa kando ili jirani yake awe salama.

Nasi tumeyaona hayo. Machi 2020 Serikali iliwaagiza wasafiri waliotoka katika nchi zenye UVIKO-19 wakae karantini siku 14 kwa gharama zao. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo, jirani kabisa na Mkoa wa Geita. Watu 10 walifariki dunia. Wengine zaidi ya 200, waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa, walifuatiliwa kwa siku 21. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025.

Februari 2020 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha mapitio ya tafiti kuhusu waliopitia karantini. Wengi walipatwa na hofu, hasira, huzuni na kukosa usingizi. Yaliyozidisha mateso ni muda mrefu, taarifa haba, upungufu wa mahitaji, kupotea kwa kipato na kunyanyapaliwa.

Mfikirieni basi mchimbaji mdogo aliyepanga chumba machimboni, mkewe na watoto wakiwa mbali. Siku 21 bila kushuka duarani ni siku 21 bila kutuma fedha nyumbani. Zikiisha, na majirani wakaendelea kumkwepa, kinga imekwisha kugeuka adhabu. Mwenzake aliyeyaona hayo, siku akipata homa ataificha, na hapo ugonjwa utaenea kwetu sote.

Bwana wetu alikaa jangwani siku 40, naye Mwinjili Marko anashuhudia kwamba malaika walimhudumia. Basi aliye karantini naye ahudumiwe: apigiwe simu kila siku, apelekewe chakula mlangoni kwa utaratibu wa wahudumu wa afya, aambiwe ukweli bila uvumi. Na siku zake zikitimia, tumpokee na kumsalimia kwa jina lake.

Mungu awabariki.