Kiashiria, kipimo, dalili: istilahi za sonona katika damu

kiashiria *nm* vi- [ki-/vi-] Kitu kinachoonyesha kuwapo au mwelekeo wa jambo jingine. Kutokana na kitenzi *ashiria*. Katika tiba: kitu mwilini kinachopimika, ambacho kiwango chake huhusishwa na hali fulani ya afya.

Matumizi. Wafasiri wa makala za tiba mara nyingi huchukulia *kiashiria*, *kipimo* na *dalili* kuwa visawe. Dalili ni kile anachohisi au kukionyesha mgonjwa: kukosa usingizi, kutofurahia chochote. Kipimo ni njia ya kuthibitisha. Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha sonona. Daktari huitambua kwa mazungumzo na kwa kuchunguza dalili. Kwa hiyo sentensi "Damu yake ilionyesha ana sonona" ina kosa la maana, si la mtindo. Kinyume chake ni kibaya zaidi, kwani msomaji aliyeiamini anaweza kumwambia mgonjwa kwamba haumwi kwa kuwa damu yake ni safi. Iandikwe: "Kiwango cha juu cha kiashiria hiki kilihusishwa na sonona."

Mfano unaotajwa sana ni protini-C tendaji, ambayo maabara huiandika CRP na ambayo huongezeka mwili unapopambana na maambukizi. Isifupishwe kuwa "protini C": hiyo ni protini nyingine, inayodhibiti kuganda kwa damu. Wastani wa CRP kwa wanawake huwa juu kuliko kwa wanaume, kwa sehemu kutokana na mafuta ya mwili na, kwa baadhi yao, vidonge vya uzazi wa mpango. Wanawake pia hugunduliwa kuwa na sonona takriban mara mbili ya wanaume. Kuunganisha kweli hizi mbili kwa *kwa hiyo* ni kuzua hoja ambayo matini chanzi huenda haikuitoa; *aidha* yatosha.

Jinsi au jinsia? Tofauti hizo, zikihusu maumbile, ni za *jinsi*. *Jinsia*, katika istilahi za kitaaluma nchini Tanzania, hurejelea majukumu na matarajio ya jamii, ingawa katika mazungumzo maneno haya huingiliana. Kwa kuwa *jinsi* pia ni 'namna', "tofauti kwa jinsi" huyumba. "Tofauti baina ya wanawake na wanaume" haimpotezi mtu.

Tazama pia: *sonona*, iliyozoeleka zaidi Tanzania, *unyogovu*, *mfadhaiko*, ambalo wengine hulitumia kwa msongo wa mawazo. *Huzuni* ni hisia, si ugonjwa.