Kipindupindu cha Kagunga na Bakteria Wanaosubiriana

Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walijaa Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika kilichokuwa kikifikika wakati huo kwa boti au kwa kukata milima kwa miguu. Kipindupindu kikaua takribani watu 30. Meli ya MV Liemba iliwavusha wakimbizi hadi Kigoma mjini, na mabasi yakawapandisha hadi kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Habari hiyo husimuliwa kama habari ya msongamano wa watu. Ni kweli, lakini haitoshi, kwa sababu bakteria nao wana msongamano wao, na jinsi wanavyouitikia ilianza kujulikana katika chupa za maabara. Mwaka 1970, huko Marekani, wanasayansi Nealson, Platt na Hastings waliotesha bakteria wa baharini wanaotoa mwanga. Waliwaona wakizaana kwa saa kadhaa bila mwanga kuongezeka, kisha, walipokuwa wengi, ukawaka kwa kasi. Kila mmoja humwaga molekuli ya ishara. Ikishakolea, wote hugeuka pamoja, kama mkutano wa kijiji unaosubiri akidi. Mwaka 2002 kundi la mwanasayansi Bonnie Bassler wa Chuo Kikuu cha Princeton lilionyesha kuwa bakteria wa kipindupindu nao huhesabiana, ila kwa namna ya kushangaza: wakiwa wachache hujishikiza kwenye utumbo na kutengeneza sumu; wakiwa wengi huizima na kuachia, tayari kutoka na kinyesi kutafuta mtu mwingine.

Atakayesema kwamba Nyarugusu haikuokolewa na molekuli hizo yuko sahihi. Kazi ilifanywa na klorini, vyoo, maji ya chumvi na sukari, na chanjo ya kunywa iliyotolewa mwaka huo wa 2015. Tena chupa si utumbo. Lakini pingamizi hilo la pili ndilo linalotufundisha zaidi: mwaka huohuo wa 2002, bakteria waliochukuliwa kwenye kinyesi cha wagonjwa wa Dhaka waliambukiza panya wachanga kwa urahisi kuliko wenzao waliooteshwa maabara. Anayetoka tu kwa mgonjwa ndiye mkali. Kwa hiyo choo kinachochimbwa leo kina thamani kuliko kile kile kikichimbwa wiki ijayo, na kufunguliwa tena kwa kambi ya Nduta, Kibondo, Oktoba 2015 ili kuipunguzia Nyarugusu watu, nakuhesabu kuwa tiba: kulirefusha njia kati ya kinyesi kibichi na kikombe cha jirani.