Nyumba mpya Nyeri: kabla ya kuuliza ni ghorofa ngapi

Kila mjadala wa nyumba mpya Nyeri ukianza hapa, watu hugawanyika dakika ya kwanza. Hawa: "Mnapinga maendeleo." Wale: "Mnataka kutufukuza." Naona wote wanaruka swali moja lenye umri wa miaka 70. Wacha nieleze.

Tuanze 1954. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na serikali ya kikoloni ilitaka kukata chakula na habari zilizowafikia Mau Mau msituni. Basi zaidi ya watu milioni moja wa Nyeri, Murang'a, Kiambu, Embu na Meru walitolewa mashambani na kusukumwa kwenye vijiji zaidi ya 800. Nyumba za zamani zilichomwa. Vijiji vipya vilipangwa kwa mistari, kambi ya ngati hapo kando, handaki lenye vijiti vilivyochongwa, kafyu. Handaki walichimba wenyewe, wengi wao akina mama, bila malipo.

Kwa hivyo ukiona shosho anashtuka mtu akija na kamba ya kupima, usimcheke. Mpango wa kwanza wa makazi aliouona ulikuja na bunduki.

Mwaka huohuo ulitoka Mpango wa Swynnerton: vipande vya ardhi viunganishwe, wenyewe wapewe hatimiliki. Waliokuwa na ardhi wakarudi kwenye shamba moja. Waliobaki kijijini ni wale wasiokuwa na pa kurudi: ahoi, yaani waliolima kwa ruhusa ya mwenye ardhi, wajane, na wengine waliokuwa kizuizini wakati mipaka inachorwa. Wakawa watu wa gichagi, na hadi leo jina hilo mara nyingi hutamkwa kwa dharau.

Ardhi ya vijiji ilibaki mikononi mwa halmashauri, halafu kaunti kuanzia 2013. Viko vijiji vilivyopimwa na hati zikatoka, sikatai. Lakini kuna wajukuu wengi wanaoishi bila karatasi yoyote pale babu yao aliposukumwa.

Turudi leo. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya mipango na nyumba. Sheria ya mipango ya 2019 inataka wananchi wasikizwe. Tangu 2024, sheria ya nyumba za bei nafuu inakata asilimia 1.5 ya mshahara. Pesa ipo, sheria ipo. Ardhi je? Ukizunguka Nyeri mjini, Karatina, Othaya, karibu kila kipande ni shamba la mtu lenye hati. Ardhi ya umma iliyobaki ni estate za zamani za halmashauri, na vijiji. Ndiyo maana ni rahisi sana mradi kumwangukia asiye na karatasi.

Mimi, kwa taarifa yenu, naunga mkono ghorofa. Tusipojenga kwenda juu mjini tutaendelea kukata mashamba ya kahawa ploti za 50 kwa 100, kila nyumba na choo chake cha shimo, bomba la maji taka likifuata miaka mingi baadaye, kama litafuata. Ila hati itangulie tingatinga.

Kwenye kikao kijacho cha maoni ya wananchi, kabla hamjaonyeshwa zile picha maridadi, ulizeni mawili. Ploti hii imeandikishwa kwa jina la nani? Na wanaoishi hapa sasa wamepewa nyumba ngapi kati ya hizo mpya, kwa maandishi?