Lugha haifi kwa vita pekee, hufa hata kwa ujirani mwema

Ukifika Masara, katika Suna Magharibi, Kaunti ya Migori, utasikia Kidholuo kila upande. Mama muuza omena anakitumia, mwendesha bodaboda anakitumia, hata mahubiri ya kanisani hayakosi Kidholuo. Mpita njia atakata kauli papo hapo kwamba hawa ni Waluo tangu jadi, basi.

Lakini hebu msomaji tazama majina ya wadi za eneobunge hilo la Suna Magharibi. Kuna Wasweta na kuna Wasimbete. Huyu ‘Wa-’ ametoka wapi?

Waluo wanapoutaja ukoo au mahali pake, aghalabu hutanguliza ‘Ka-’, maana yake kwa fulani. Ndiyo maana tuna Kanyamkago hapo Migori na Karachuonyo kule Homa Bay. Watu nao huwaita ‘Jo-’, kama katika Joluo. Kiambishi ‘Wa-’ cha kutaja watu wengi ni cha Kibantu. Ni ndugu wa ‘wa-’ tunayoifundisha katika ngeli ya A-WA: mtu, watu. Kwa hiyo majina hayo ya wadi ni mabaki ya lugha nyingine iliyozungumzwa hapo kabla ya Kidholuo kushika.

Wanahistoria huwahesabu watu wa Suna miongoni mwa Abasuba. Henry Okello Ayot aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1979, kuhusu Waluo-Abasuba kuanzia 1760 hadi 1940. Abasuba ni Wabantu, na wengi wao husimulia kuwa wazee wao walivuka ziwa kutoka pande za Uganda, wakakaa visiwa vya Rusinga na Mfangano na mwambao wa karibu. Leo wengi wa wajukuu wao hawakijui Kisuba, na UNESCO imekiorodhesha miongoni mwa lugha zilizo hatarini.

Sasa swali: nani alikiua? Tukisikia lugha imefifia, twadhani watu walishindwa vitani wakakatazwa kusema. Hapa mambo hayakwenda hivyo. Kisuba kilififia nyumbani, sokoni na kanisani, watu wakiishi vizuri tu na jirani zao.

Tuanze na nyumbani. Katika boma la Kiluo kila nyumba ina kazi yake. Mzee ana duol, kibanda cha kuotea moto na kuzungumza na wanaume wenzake. Kijana ana simba yake. (Mgeni kutoka pwani akiambiwa “kijana amelala simba,” asitimue mbio, si mnyama, ni nyumba ya kijana asiyeoa.) Na nyanya ana siwindhe, ambamo wasichana walilala na watoto wakasimuliwa ngano usiku.

Msuba alipooa binti wa Kiluo, mama huyo aliwabembeleza wanawe kwa lugha yake. Hakuna aliyeona ubaya, mtoto si lazima abembelezwe? Miaka ikapita, bibi arusi yule akawa nyanya mwenye siwindhe yake. Ngano zikasimuliwa kwa Kidholuo. Vizazi viwili tu vilitosha. Ukoo ulifuata baba, jina likabaki ‘Wa-’, lakini ulimi ulifuata mama.

Sokoni nako, mwenye samaki alimhitaji mwenye nafaka, na biashara ilihitaji lugha ya walio wengi.

Kisha likaja kanisa. Mwaka 1906 Waadventista, Arthur Carscallen akiwa pamoja na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, walifungua misheni Gendia, karibu na Kendu Bay. Lugha waliyojifunza, wakaiandikia sarufi na kuifundishia kusoma ni Kidholuo. Agano Jipya la Kidholuo likatoka mwaka 1926, na Biblia nzima mwaka 1953. Agano Jipya la Kisuba lilisubiri zaidi ya miaka themanini baada ya lile la Kidholuo. Fikiria Msuba aliyetaka kusoma, kubatizwa na kuomba pamoja na jirani yake. Angeomba kwa lugha gani?

Hata hicho Kidholuo cha ibada hakikukaa peke yake. Muumini wa huko husema malaika, msalaba na Roho Maler, yaani Roho Mtakatifu. Malaika, msalaba na roho yamepitia Kiswahili, na asili yake ni mbali zaidi, Uarabuni. Lugha zote hukopa, na kukopa si dhambi. Hatari huanza pale mtoto anapokosa mtu wa kumsimulia.

Na hapo ndipo sisi wapenzi wa Kiswahili tusijitoe. Likizo ikifika, wajukuu kutoka Nairobi hushuka Migori wakiongea Kiswahili na Sheng. Nyanya, kwa mapenzi yake, anajikakamua: “Kuja ukule, mjukuu wangu.” Ni ukarimu uleule uliokimaliza Kisuba. Safari hii anayesogea pembeni ni Kidholuo, na mwenyeji mpya ni lugha yetu.

Sisemi nyanya akatae kumsemesha mjukuu. Kiswahili ni lugha ya taifa, na Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imekipa hadhi hiyo. Lakini ibara hiyohiyo inaiagiza serikali ikuze na kulinda lugha nyingine za Wakenya. Kisiwani Mfangano wenyeji wamefanya sehemu yao kwa kuanzisha redio inayotangaza kwa Kisuba.

Wewe mzazi hulazimiki kuanzisha redio. Mtoto akienda kwa nyanya Desemba hii, mpe daftari. Akirudi na ngano moja na majina ya vitu vya jikoni kwa lugha ya nyanya, yatasomwa na wanawe. La sivyo, ipo siku mwandishi mwingine atasimama Masara akiuliza majina ya Kidholuo ya vijiji yametoka wapi, kama tunavyouliza leo kuhusu ‘Wa-’.